Chapa Si Jina: Makumbusho na Usomaji wa Mabango ya Maandamano

Utangulizi

Mwezi Machi 2018 Design Museum ya London ilifungua maonyesho yaliyopewa jina Hope to Nope, yaani safari ya kutoka tumaini hadi kukataa. Yalikusanya michoro ya kisiasa ya mwongo mmoja, kuanzia 2008 hadi 2018: mabango, nembo, fulana, vibandiko, na picha za kejeli zilizopita kutoka simu hadi simu. Mwezi Julai, maonyesho yakiwa yangali wazi, makumbusho hayo yaliikodishia kampuni ya Leonardo ya Italia, ambayo hutengeneza zana za kivita, ukumbi wa kufanyia hafla. Wasanii na mashirika yapatayo 40 yaliyokuwa na kazi zao ukutani yakaandika barua ya wazi kutaka kazi hizo ziondolewe. Takriban thuluthi moja ya vitu vilivyoonyeshwa ilishushwa. Wakuu wa makumbusho walijitetea kuwa hafla ile ilikuwa ya faragha na kwamba kumkodishia mtu ukumbi si kumuunga mkono. Kiingilio kikafutwa, na hadi siku ya mwisho mwezi Agosti wageni wakaingia bure kutazama kuta zenye mapengo.

Kisa hiki huelezwa aghalabu kama ugomvi wa maadili: wasanii wenye msimamo upande mmoja, taasisi yenye kutafuta pesa upande wa pili. Makala haya yanadai kwamba kilikuwa kwanza ugomvi wa uhakiki. Pande mbili ziliisoma matini moja kwa njia mbili zisizopatana. Makumbusho yaliyasoma mabango kama michoro. Wenye mabango waliyasoma kama kauli. Mchoro waweza kutundikwa juu ya karamu ya muuza silaha usipungukiwe na kitu, maana rangi haichujuki kwa sababu ya mgeni aliye chini yake. Kauli haina kinga hiyo. Kauli iliyotungwa kukataa vita, ikifanywa pambo la nyumba inayomkaribisha mfanyabiashara wa vita, imekwisha kusema jambo jingine, ijapokuwa hapana herufi hata moja iliyoguswa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo hili lijadiliwe katika jarida la uhakiki wa fasihi ya Kiswahili badala ya kuachiwa wasanifu wa michoro. Jibu ni kwamba wasanifu wameachiwa uwanja huu kwa muda mrefu, na wameusoma vibaya. Bango ni maneno kabla ya kuwa rangi, na hata lile lisilo na neno lolote limechorwa ili lisomwe. Isitoshe, suala limefika mlangoni. Tangu Juni na Julai 2024, vijana wa Kenya walipojaza barabara za miji wakiwa na makatoni yaliyoandikwa kwa mkono, nchi hii ina hazina ya matini ambayo mapema au baadaye itaingia katika makumbusho. La kuamuliwa ni itaingia kama nini.

Chapa na jina

Neno linalotawala maonyesho ya aina hii, pamoja na vitabu vinavyoandamana nayo, ni chapa. Inadaiwa kwamba vuguvugu la kupinga, sawa na kampuni ya soda, huhitaji nembo moja, rangi chache na herufi za aina moja ili likumbukwe. Mifano inayotolewa ni ileile kila mara. Ipo alama ya amani aliyoichora Gerald Holtom mwaka 1958 kwa ajili ya matembezi ya kwenda Aldermaston, Uingereza, kupinga silaha za nyuklia. Ipo nembo ya Solidarność aliyoichora Jerzy Janiszewski huko Gdańsk mwezi Agosti 1980, wakati wa mgomo wa wafanyakazi wa gati la kuundia meli. Ipo pembetatu ya waridi juu ya bango jeusi la New York la 1987, lililoulaumu ukimya wa watawala mbele ya janga la UKIMWI. Zote tatu, tunaambiwa, zilifaulu kwa sababu zilezile zinazoifanya chapa ya kibiashara ifaulu: ni nyepesi, hazifanani na nyingine, na mtoto aweza kuzichora.

Madai haya yana ukweli wa juujuu, na ndiyo maana ni hatari. Ili kuona kasoro yake si lazima kwenda mbali, kanga yatosha. Kila msomaji wa jarida hili anazijua sehemu zake: pindo, mji na jina. Lakini katika kanga zilizotoka kwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa huwa pana maandishi ya namna mbili. Yapo maandishi madogo yenye herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Hiyo ndiyo chapa. Humjulisha mnunuzi kwamba kitambaa hiki ni cha mfanyabiashara fulani wala si cha mshindani wake. Kisha lipo jina, ule msemo ulioandikwa kwa herufi kubwa chini ya mji. Hajapata kutokea mwanamke wa Mvita wala wa Lamu aliyejitanda kanga apite mbele ya baraza ya jirani ili kumwambia kwamba kitambaa ni mali ya Abdulla. Alilotaka jirani alisome ni jina.

Tofauti ya chapa na jina si ya ukubwa wa herufi. Chapa hujibu swali moja tu: kitu hiki kimetoka kwa nani? Jina huleta maswali mengi kwa pamoja: nani anamwambia nani, nini, siku gani, na mbele ya mashahidi gani? Dukani, kanga ikiwa bado imekunjwa, jina ni sentensi tu. Huwa kauli pale linapovaliwa na fulani, baada ya tukio fulani, na kupitishwa mbele ya mlango fulani. Ndiyo maana kanga moja yaweza kuwa pongezi Jumatatu na tusi Ijumaa. Makumbusho ya ng'ambo yanapoitundika kanga, aghalabu huandika kuwa ni pamba, imechapwa kiwandani, imetoka Afrika Mashariki, na huutafsiri msemo wake kwa uaminifu. Mgeni huondoka akikijua kitambaa, asiujue ugomvi.

Kwa mizani hiyo, alama ya Holtom si chapa hata kidogo. Haikusajiliwa kwa makusudi, na yeyote aliyetaka aliruhusiwa kuichora popote. Chapa inayochorwa na kila mtu pasipo ruhusa imekufa. Mawakili wa kampuni hulipwa kuzuia jambo hilohilo. Alama ya amani iliishi kwa sababu ya kitu ambacho kingaliiua chapa. Pembetatu ya waridi nayo haikubuniwa na watu wa New York. Ilikuwa alama waliyowashonea Wanazi wafungwa wa kambi walioshtakiwa kwa ushoga, na nguvu ya bango la 1987 imo katika kuigeuza, yaani katika kumrudishia mtesi neno lake. Huko ni kujibizana. Mwanafunzi yeyote wa malumbano ya Muyaka na watunzi wa zama zake anaujua mchezo huo wa kuliteka neno la hasimu na kumrudishia likiwa na makali mapya, na hatauita utafutaji wa soko.

Pasieleweke kwamba fani inapuuzwa hapa. Katika nembo ya Solidarność herufi zimesongamana na kuegemeana kama watu waliobanana mbele ya lango, na mojawapo imeshika bendera. Hiyo ni fani iliyobeba maudhui barabara, na mhakiki asiyeiona ni mhakiki nusu. Lakini msongamano wa herufi hauna maana kwa mtu asiyejua kwamba katika Poland ya mwaka ule kusimama pamoja mbele ya lango, nje ya chama kilichoruhusiwa na dola, kulikuwa tendo la hatari. Wasanifu wanaisifu nembo hii kwa wepesi wake. Waliosimama pale langoni hawakuwa na habari ya wepesi.

Upande wa pili wa mizani limo bango la Shepard Fairey la 2008 lililomwonyesha Barack Obama kwa rangi nyekundu na samawati, ambalo neno lake la tumaini limo katika kichwa cha maonyesho ya London. Hilo ni chapa kwelikweli. Lilimnadi mgombea. Mwezi Januari 2009 lilikuwa tayari limeingia National Portrait Gallery ya Washington, na shauri la umiliki wa picha lililotokana nalo, kati ya msanii na shirika la habari la Associated Press, lilimalizwa kwa maafikiano mwaka 2011. Bango la kampeni huomba mamlaka. Bango la maandamano huyadai mamlaka hesabu. Mtayarishaji anayeyaweka mawili haya katika chumba kimoja, chini ya kichwa kimoja, kwa sababu yote mawili yanatumia rangi chache, ni sawa na mhakiki anayeuweka utenzi wa sifa za sultani pamoja na utenzi wa aliyefungwa na sultani kwa sababu yote miwili ina mizani minane.

Walichokataza wenyewe

Mwezi Mei 1968 wanafunzi wa chuo cha sanaa cha École des Beaux-Arts jijini Paris, wakishirikiana na wafanyakazi waliokuwa katika mgomo, waliunda karakana waliyoiita Atelier Populaire. Mabango yalichapwa kwa kupitisha wino kwenye kitambaa, usiku kucha, na kubandikwa alfajiri. Hayakutiwa sahihi. Kila mchoro ulijadiliwa na mkutano kabla ya kuchapwa. Walitoa pia tamko, na tamko lao halikuacha mwanya: mahali pa mabango haya ni penye mapambano, barabarani na kwenye kuta za viwanda, kuyafanya mapambo, au kuyaonyesha katika nyumba za utamaduni za mabwanyenye, ni kuyaharibia kazi yake.

Leo mabango hayo yamo katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Watayarishaji wa maonyesho hujibu kwa wepesi kwamba pasipo makumbusho karatasi zingalioza. Ni kweli zingalioza. Hata hivyo jibu hilo linakwepa hoja, maana aliyekataza hakuogopa kuoza kwa karatasi; alichoogopa ni kauli kunyamazishwa ilhali karatasi imesalimika. Mwenye kutayarisha maonyesho ya mabango ya Paris kwa uaminifu angeanza kwa kulitundika lile katazo mlangoni, kwa herufi kubwa kuliko jina la mfadhili, ili mgeni ajue kwamba kila hatua yake mle ndani ni ubishi na waliotunga. Badala yake katazo huwekwa katika kitabu cha maelezo, ukurasa wa ndani.

Kuna kinaya kinachofurahisha katika habari hii. Ni Paris hiyohiyo, miaka hiyohiyo, ambako Roland Barthes alitangaza kifo cha mtunzi. Taasisi zilizoimeza nadharia hiyo na kuihubiri zinapofika kwenye bango lisilo na sahihi huanza kumtafuta mtunzi kwa bidii ya makachero: alikuwa nani, alisomea wapi, mkono wa nani umechora ngumi hii. Mtunzi hufa vitabuni, akafufuka kwenye kibandiko. Sababu si ya kinadharia. Kitu chenye jina la msanii kina bei. Kitu cha mkutano hakina.

Wanafasihi wa Kiswahili nao wasicheke sana. Mwaka huohuo wa 1968 Abdilatif Abdalla alikiandika kijikaratasi cha Kenya: Twendapi? Kwa ajili yake alifungwa miaka 3, kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, nayo yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Diwani imehakikiwa, imefunzwa, imetungiwa maswali ya mtihani. Kijikaratasi hutajwa katika utangulizi kama chanzo cha kifungo, kana kwamba kilikuwa jiwe alilojikwaa mshairi akiwa njiani kwenda kwenye ushairi. Lakini kilichoitikisa serikali ni kijikaratasi. Idara za fasihi zimefanya lilelile linalofanywa na makumbusho: zimeiweka ndani ya kabati la kioo ile sehemu ya upinzani yenye vina na mizani, na sehemu iliyopita mikononi mwa watu zikaiachia polisi waihifadhi kama kidhibiti.

Jambo hili linasikitisha zaidi kwa kuwa zana za kulisoma bango zimo humu humu idarani. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, 1968, ambao ama kweli ulikuwa na mengi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao katika Chuo Kikuu cha Nairobi wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi simulizi ya Afrika iwekwe kitovuni. Tangu hapo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amefunzwa kwamba ngano iliyoandikwa si ngano kamili. Kwamba pana fanani, hadhira, mahali, wakati na utendaji. Bango ni la jamii hiyo. Limeandikwa, ndiyo, lakini huishi kama kitanza ndimi kinavyoishi, mdomoni mwa aliyepo. Kulipima kwa upana na urefu, kwa aina ya karatasi na wino, ni kurudi nyuma ya 1968.

Makatoni ya 2024

Nadharia ya chapa ilipata mtihani wake Kenya mwezi Juni 2024, ikaanguka. Maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha yalianza Nairobi Juni 18, yakaenea katika kaunti nyingi, na Juni 25 waandamanaji wakaingia bungeni. Siku ya pili yake rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Kufikia hapo watu walikuwa wameuawa, na hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilizidi watu 50 katika wiki zilizofuata. Vuguvugu hili lilijitangaza kuwa halina kiongozi, halina kabila, halina chama. Halikuwa na nembo. Halikuwa na rangi isipokuwa zile za bendera ya taifa, ambazo ni za wote. Kila mmoja alichukua kipande cha katoni au manila, akaandika lake kwa kalamu ya wino mzito, kwa Kiswahili, Kiingereza, Sheng au lugha ya mama, mara nyingi kwa kuzichanganya zote. Kwa mujibu wa vitabu vya wasanifu, vuguvugu la namna hiyo lisingeweza kukumbukwa na yeyote. Lilisababisha mswada mzima wa serikali kutupwa.

Atatokea mtu wa kusema kwamba heshtegi ndiyo iliyokuwa chapa. La hasha. Heshtegi haikuwa na mmiliki, haikuwa na mlinzi, na kila aliyeiandika aliitia neno lake. Ilikuwa kiitikio. Kibwagizo cha utendi si nembo ya mtunzi; ni mlango ambao hadhira huingilia.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kina cha matini hizi. Jina la Zakayo, ambalo Wakenya walikuwa wamempachika rais wao kabla ya maandamano, lilijaa mabangoni pamoja na amri ya kumtaka ashuke. Mwandishi wa vibandiko angeeleza kuwa ni lakabu itokanayo na mtoza ushuru wa Injili, akaridhika. Lakini katika sura ya 19 ya Luka, Zakayo yuko juu ya mkuyu, anaitwa kwa jina, anashuka, na baada ya kushuka anaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Kwa hiyo amri ya kushuka ina mambo matatu ndani yake: shutuma ya kodi, madai ya kurudishiwa, na, ajabu, mlango wa toba. Ni mwingilianomatini uliokomaa kuliko ule wa riwaya nyingi zilizoandikiwa tasnifu. Zaidi ya hayo, katika nchi ambayo wanasiasa wamezoea kupanda mimbari kila Jumapili, wenye mabango walikuwa wanamjibu mhubiri kwa andiko. Usomaji wa rangi na herufi hauwezi kulifikia jambo hilo hata ukiongezewa taa.

Historia ya Kenya ina mfano wa kinyume pia, wa jina lililogeuka chapa, na mtayarishaji makini angeuweka kando ya makatoni ili mgeni aone tofauti. Katika kura ya maoni ya Novemba 21, 2005, Tume ya Uchaguzi iliwapa waliounga mkono rasimu ya katiba alama ya ndizi, na waliopinga alama ya chungwa. Chungwa halikubuniwa na mpinzani yeyote, lilitoka ofisini. Wananchi ndio waliolifanya kauli: lilimenywa majukwaani, likabebwa sokoni, na rasimu ikakataliwa kwa takriban asilimia 58. Kisha tunda likasajiliwa. Kufikia uchaguzi wa 2007 palikuwa na vyama viwili vilivyogawana jina lake baada ya kuzozana, na Machi 2025 chama kilichozaliwa kwa alama ya kukataa kikatia sahihi makubaliano ya kushirikiana na chama tawala. Tangu liliposajiliwa, chungwa limekuwa likijibu swali la chapa peke yake: hiki ni cha nani?

Kibandiko, mkataba na duka

Kutokana na haya, kazi ya kutayarisha maonyesho ya makatoni ya Kenya haiwezi kukabidhiwa msanifu peke yake, awe hodari vipi. Kibandiko ndicho kiini, nacho ni uhakiki. Kibandiko cha kawaida hutaja mtunzi, mwaka, mali ghafi na aliyetoa. Cha bango kinapaswa kutaja kwanza aliyeambiwa: bunge, waziri, polisi, jirani aliyebaki nyumbani, mzazi aliyekataza. Kinapaswa kutaja kauli iliyotangulia, ambayo bango linaijibu, maana mabango mengi ya 2024 yalikuwa majibu kwa hotuba na mahojiano ya televisheni yaliyosahaulika ndani ya mwezi. Pasipo hotuba hiyo kuwekwa kando yake, kwa sauti au kwa maandishi, jibu linabaki likining'inia. Na kibandiko chenyewe kiandikwe kwa lugha ya bango. Kutafsiri Sheng kwa Kiingereza safi, kisha kuiweka Sheng chini kwa herufi za mlazo kama spishi ya mdudu, ni kumwambia aliyeandika kwamba maonyesho haya hayakukusudiwa yeye.

Kuhusu jina la mtunzi, desturi ya London haifai kuletwa Nairobi bila kufikiriwa. Desemba 2024 vijana kadhaa waliosambaza michoro na picha za kumkejeli rais walitekwa nyara, mmoja wao akiwa mchoraji wa katuni za vivuli. Baadhi yao waliachiliwa mapema Januari 2025. Katika mazingira hayo kibandiko chenye jina kamili, mtaa na tarehe kinamfaa mpelelezi kuliko mgeni. Wala si jina peke yake. Mwandiko ni sahihi ya mtu, na picha ya mwandamanaji iliyokuzwa ikajaza ukuta mzima ina uso wake. Atakayebishania ukamilifu wa kumbukumbu akumbuke vijikaratasi vya miaka ya 1980, kama vile Pambana la 1982: kupatikana nacho tu kulitosha kumpeleka mtu mahakamani. Si kila asiyetajwa amesahauliwa. Wapo wanaotaka kutajwa, nao waulizwe na waandikwe. Na yale makatoni ambayo wenyewe wamekwisha kufa yana wazazi, ambao wana haki ya kuulizwa kabla ya msanifu kuchagua rangi ya ukuta.

Mkataba nao ni sehemu ya usanifu, ijapokuwa hautundikwi. Jambo kubwa lililojitokeza London mwaka 2018 ni kwamba wenye kazi walidai kuziondoa na zikaondolewa. Baadhi ya kazi hizo zilionyeshwa upya mwezi Septemba katika jumba la michezo la mtaa wa Brixton, karibu na watu ambao zilikusudiwa. Makumbusho yoyote ya Kenya yatakayopokea makatoni yaandike haki hiyo tangu mwanzo: mwenye kauli aweza kuitwaa siku mwenye nyumba anapomwalika yule aliyeambiwa. Wahifadhi watanung'unika kwamba hakuna mkusanyiko unaoweza kuishi hivyo. Basi wakusanye vinyago. Kauli isiyoweza kuondolewa mdomoni pa mtu haiwezi pia kudaiwa kuwa bado ni yake.

Duka lililo mlangoni pa kutokea halihitaji maneno mengi. Kikombe chenye maneno ya bango la mtu aliyepigwa risasi kisiuzwe.

Mahali nako kuna uzito. Mwaka 2009 Boniface Mwangi na wenzake walianzisha Picha Mtaani, maonyesho ya picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Picha ziliwekwa nje, barabarani, katika miji mbalimbali, pasipo kiingilio, na watazamaji walikuwa ni watu waliokuwepo zilipopigwa. Walibishana mbele yake, wengine walilia. Mwaka 2012 Mwangi na wachoraji wa ukutani walichora tumbusi waliovaa suti karibu na soko la City Market jijini Nairobi, na mpita njia aliyekuwa anaenda kununua mboga alilazimika kuamua kama tumbusi yule ni mbunge wake. Hiyo ndiyo hadhira ambayo ukumbi wenye mlinzi na kiyoyozi hauna. Jengo halikatazwi, lakini lisiwe mwanzo wa safari. Makatoni yapitishwe kwanza Kisumu, Mombasa, Nakuru, Eldoret, Rongai, na yale yatakayoandikwa na watazamaji kuyajibu yawe sehemu ya mkusanyiko, kwa kibandiko cha ukubwa uleule.

Limebaki jambo moja la kiufundi ambalo wasanifu wamezoea kulipuuza. Makatoni mengi ya 2024 yalikatwa kutoka kwenye masanduku ya bidhaa za dukani. Upande wa mbele una maneno ya mwandamanaji. Upande wa nyuma una maandishi ya kiwandani: jina la kampuni, uzito, idadi ya pakiti, mshale wa kuonyesha upande wa juu, na pengine bei iliyoandikwa na mwenye duka kwa kalamu. Yakigandishwa ukutani, upande huo hupotea. Yasigandishwe. Yasimamishwe katikati ya chumba juu ya vijiti, kwa kimo cha mkono ulioinuliwa, mgeni aweze kuyazunguka na kuzisoma pande zote mbili.